Ardhi Iliyoitwa Tupu: Utafutaji wa Hati za Ardhi katika Hifadhi za Nyaraka za Kongo

0. Utangulizi

Katika mashauri ya ardhi nchini Kongo, swali la kwanza la hakimu huwa ni lile la karatasi. Mwenye cheti cha usajili hukiweka mezani. Asiye nacho huleta wazee. Wazee hueleza makaburi yalipo, mto uliitwaje zamani, nani alimpokea nani na kwa zawadi gani. Mara nyingi karatasi hushinda, hata pale ambapo wazee wamesema mengi zaidi na kwa usahihi zaidi, kwa kuwa sheria imeipa karatasi nguvu ambayo haikuyapa maneno ya mdomo.

Makala haya yanachunguza chanzo cha karatasi hizo, mahali zilikohifadhiwa na namna inayofaa ya kuzitafuta na kuzisoma. Hoja yake kuu ni hii: sehemu kubwa ya ardhi ya Kongo iliingia katika daftari za serikali kwa njia ya neno moja, yaani "tupu". Lakini ili ardhi iandikwe kuwa tupu, watawala walilazimika, hasa tangu 1934, kwenda mahali penyewe, kuwahoji watu waliokuwapo na kuandika majibu yao. Kwa hiyo hati iliyotungwa ili kuonyesha kwamba ardhi haina mwenyewe imekuwa, mara nyingi, ushahidi ulio bora kwamba wenyewe walikuwako. Mtafiti anayelijua jambo hili hutafuta mahali pengine, na kwa maneno mengine, kuliko yule anayedhani kwamba kijiji kisicho na cheti hakikuacha alama yoyote katika maandishi.

1. Asili ya karatasi

Msingi wa sheria ya ardhi ya kikoloni uliwekwa tarehe 1 Julai 1885, mwanzoni kabisa mwa Dola Huru la Kongo. Agizo la siku hiyo lilikuwa na mambo matatu: hakuna mtu aliye na haki ya kukalia ardhi tupu bila hati, hakuna mtu aliye na haki ya kuwanyang'anya wenyeji ardhi wanayoikalia, na ardhi tupu ni mali ya Dola. Tarehe 14 Septemba 1886 amri nyingine iliongeza kwamba ardhi inayokaliwa na wenyeji chini ya masultani wao itaendelea kufuata mila na desturi za mahali.

Ukisoma harakaharaka, unaweza kudhani kwamba maagizo hayo yaliwalinda wenyeji. Ugumu ulikuwa katika neno "kukalia". Sheria haikulifafanua, na watawala wa Leopold II walilipa maana finyu kuliko zote: nyumba za kijiji na shamba linalolimwa mwaka huo. Msitu wa kuwindia, mto wa kuvulia, pori la kuokotea viwavi na uyoga, shamba lililopumzishwa kwa miaka mingi ili udongo urudishe nguvu, vyote hivyo vilihesabiwa kuwa tupu. Amri ya siri ya tarehe 21 Septemba 1891, iliyoagiza pembe za ndovu na mpira wa ardhi hizo vikusanywe kwa faida ya Dola, ilionyesha maana finyu hiyo ilikusudiwa kufanya kazi gani. Mtu aliyegema mpira katika msitu wa babu zake alikuwa, kwa macho ya sheria, anachukua mali ya Bula Matari.

Baada ya Tume ya Uchunguzi ya 1904–1905, amri ya tarehe 3 Juni 1906 ilijaribu kurekebisha. Ilisema kwamba ardhi ya wenyeji ni ile wanayoikaa, wanayoilima au wanayoitumia kwa namna yoyote kulingana na mila zao, na ikaruhusu kila kijiji kipewe eneo hadi mara tatu ya lile kililolikalia. Idhini hiyo ya "mara tatu" ni ungamo la kimyakimya: waliotunga sheria walikwisha kujua kwamba kilimo cha kuhamahama hakiwezi kupimwa kwa shamba la mwaka mmoja.

Pamoja na hayo kulikuwa na mfumo wa pili, ule wa usajili. Kongo ilifuata mfano wa sheria ya Torrens, iliyoanzishwa Australia ya Kusini mwaka 1858, ambayo kwayo haki ya ardhi huzaliwa katika daftari lenyewe. Chini ya mfumo huo haitoshi kuonyesha kwamba ulinunua. Ni lazima jina lako liandikwe katika kitabu cha mhifadhi wa hati za ardhi, nawe upewe cheti kinacholingana na ukurasa wa kitabu hicho. Amri ya tarehe 6 Februari 1920 ndiyo iliyoupanga mfumo huu vizuri zaidi.

Matokeo yake yalikuwa nchi yenye ardhi za aina mbili. Ardhi ya kampuni, ya misheni na ya mlowezi ilikuwa na namba, ramani na cheti. Ardhi ya wenyeji ilikuwa na mila, nayo mila haikuwa na daftari. Hata mjini, mkaaji Mwafrika wa mtaa wa wenyeji alipewa kitabu kidogo cha mwenye nyumba, kilichoonyesha kwamba ameruhusiwa kukaa katika kiwanja fulani. Kitabu hicho hakikuwa hati ya kumiliki. Mlango wa umilikaji wa mtu binafsi ulifunguliwa kwa Wakongo mwaka 1953 tu, miaka saba kabla ya uhuru.

2. Nyaraka ziliko

Anayeanza kutafuta hukutana na kikwazo ambacho wanafunzi wengi hukidharau: nyaraka hazipangwi kwa jina la kitu kinachotafutwa. Hupangwa kwa jina la ofisi iliyoziandika. Kwa hiyo mtu anayeuliza habari za kijiji cha baba yake hapati kitu. Inampasa aulize kwanza: ni nani aliyeitaka ardhi hiyo, katika mwaka gani, na kijiji kilikuwa chini ya teritwari ipi wakati ule?

Swali la tatu si dogo. Majina yamebadilika mara nyingi. Elisabethville imekuwa Lubumbashi, Jadotville imekuwa Likasi, Albertville imekuwa Kalemie, Baudouinville imekuwa Moba, Stanleyville imekuwa Kisangani, Costermansville imekuwa Bukavu. Mipaka nayo ilihamishwa: mageuzi ya utawala ya 1933 yaliyapanga upya majimbo yote, na mwaka 2015 majimbo yakawa 26. Kijiji ambacho hakikusogea hata hatua moja kinaweza kuwa na karatasi zake chini ya majina matatu ya teritwari.

Katika Katanga kuna jambo jingine la kukumbuka. Compagnie du Katanga, iliyoundwa mwaka 1891, iliahidiwa theluthi moja ya ardhi za Dola katika eneo lake, nayo theluthi hiyo ilikatwa katika ramani kwa vipande vilivyopishana na vya Dola kama ubao wa dama. Kwa kuwa mgawanyo wa namna hiyo haukuweza kusimamiwa, mwaka 1900 iliundwa Comité Spécial du Katanga (CSK), iliyosimamia ardhi zote kwa pamoja na kugawa mapato: theluthi mbili kwa Dola, theluthi moja kwa kampuni. Hadi 1910 CSK ndiyo iliyokuwa na utawala wenyewe wa Katanga, na hata baada ya hapo iliendelea kugawa ardhi mpaka ilipovunjwa mwaka 1960. Kwa hiyo anayetafuta asili ya kiwanja cha Lubumbashi katika nyaraka za serikali peke yake atakuta ukurasa mtupu, wakati mkataba wa kwanza umelala katika mafaili ya CSK. Vivyo hivyo huko mashariki, kuanzia 1928, Comité National du Kivu ndiyo iliyokuwa mgawaji mkubwa wa ardhi kwa walowezi.

Nyaraka hizo zimepata misiba miwili. Wa kwanza ulitokea mwaka 1908, kabla Leopold II hajaikabidhi Kongo kwa Ubelgiji: nyaraka nyingi za Dola Huru zilichomwa moto kwa amri yake. Msiba wa pili ulitokea karibu na uhuru wa 1960, utawala wa kikoloni ulipopeleka Ubelgiji sehemu kubwa ya nyaraka zake na kuteketeza nyingine. Zilizopelekwa zilihifadhiwa kwa muda mrefu katika Wizara ya Mambo ya Nje huko Bruxelles chini ya jina la "Archives africaines", kisha uhamisho wake kwenda katika Hifadhi Kuu ya Ufalme ukaanza. Nyaraka za Union Minière nazo ziko katika Hifadhi hiyo, na Jumba la Makumbusho la Tervuren lina ramani na karatasi nyingi za watu binafsi. Mwongozo mkubwa wa vyanzo vya historia ya ukoloni wa Ubelgiji, uliochapishwa mwaka 2021, umerahisisha sana kazi ya kujua nini kiko wapi. Hata hivyo haukuondoa ukweli mchungu: mwanakijiji wa Kongo anayetaka kuona karatasi iliyomtoa babu yake katika ardhi yake huhitaji viza.

Lakini si kila kitu kiliondoka. Daftari za wahifadhi wa hati za ardhi zilibaki nchini, maana bila hizo hakuna kiwanja ambacho kingeweza kuuzwa. Teritwari nyingi zilibaki na baadhi ya mafaili yao, katika hali njema au mbaya. Yapo pia maandishi yaliyochapishwa, ambayo hayakuwa siri hata siku moja na ambayo watafiti wengi huyasahau kwa sababu hiyohiyo. Bulletin Officiel, iliyoanza kutoka 1885, ilichapisha amri zilizoidhinisha ugawaji wa maeneo makubwa. Baraza la Kikoloni, lililowekwa na Mkataba wa Kikoloni wa 1908, lilijadili miswada hiyo, na muhtasari wa mijadala yake ulichapishwa. Mle mna maswali ya wajumbe, majibu ya serikali, na wakati mwingine idadi ya vijiji vilivyomo katika eneo linaloombwa.

Mfano mmoja unaonyesha faida ya kusoma maandishi hayo kwa makini. Mkataba wa mwaka 1911 kati ya Ubelgiji na kampuni ya Lever uliunda Huileries du Congo Belge. Ulichora duara tano, kila moja yenye nusu kipenyo cha kilomita 60, kuzunguka vituo kama Leverville, Alberta na Elisabetha, ambavyo leo ni Lusanga, Ebonda na Lokutu. Anayeiona ramani hiyo tu hudhani kwamba kampuni ilipewa duara zima. Mkataba wenyewe ulisema jambo jingine: kampuni ilipewa haki ya kuchagua, ndani ya duara hizo zote, hadi hekta 750,000 za mashamba ya michikichi. Duara moja tu lina zaidi ya hekta milioni moja. Mpaka wa kweli, kwa hiyo, haumo katika mkataba. Umo katika karatasi za miaka iliyofuata, wakati vipande vilipochaguliwa na kupimwa. Mwaka 2018, vijiji vinavyozunguka mashamba hayo vilipopeleka malalamiko yao mbele ya benki ya maendeleo ya Ujerumani iliyokuwa imeikopesha kampuni mrithi, swali la hati hizo za zamani na mipaka yake lilikuwa bado hai.

3. Mfuko wa uchunguzi wa ardhi tupu

Miongoni mwa karatasi zote, iliyo na thamani kubwa zaidi kwa historia ya vijiji ni mfuko wa uchunguzi. Amri ya tarehe 31 Mei 1934 iliagiza kwamba kabla ya kuitoa ardhi, serikali ifanye uchunguzi wa haki za wenyeji juu yake. Ofisa alitakiwa kwenda mahali penyewe, kuwaita masultani na wakaaji, kusikiliza madai yao, kueleza hali ya ardhi na kuandika taarifa. Ikiwa wenyeji walikuwa na haki na wakakubali kuziacha, walipaswa kulipwa fidia.

Mfuko wa namna hiyo kwa kawaida una karatasi za aina kadhaa: ombi la mlowezi au kampuni, mchoro wa mahali, taarifa ya maneno ya mashahidi, maelezo juu ya mashamba, njia, vijito na vijiji vya zamani, makubaliano ya fidia, na barua za ofisi moja kwenda nyingine. Mtafiti wa sheria husoma mwisho wake, ili ajue ardhi ilitolewa au haikutolewa. Mtafiti wa historia anapaswa kusoma katikati.

Katikati ndimo mlimo na watu. Mle huonekana jina la sultani na majina ya wazee waliofuatana naye. Kwenye mchoro, ofisa ameandika "kijiji cha zamani" kando ya kijito, bila kutambua kwamba kwa maneno hayo mawili amevunja hoja yake mwenyewe, maana kijiji cha zamani ni makaburi, ni miti iliyopandwa, ni nasaba. Njia iliyochorwa kutoka kijiji kimoja hadi mtoni ni ushahidi kwamba mto ulitumiwa. Hata fidia yenyewe inasema. Kama chumvi, vitambaa au fedha kidogo zililipwa, ni kwa sababu palikuwa na haki ya kulipiwa. Hakuna anayelipa fidia kwa ajili ya utupu.

Mfuko huo usiaminiwe kupita kiasi. Uchunguzi uliongozwa na serikali ileile iliyotaka kuitoa ardhi. Ofisa alikuwa na ziara nyingine za kumaliza, kodi ya kukusanya na barabara ya kukagua. Sultani aliyewekwa na serikali hakuwa na uhuru mwingi wa kukataa, na mara nyingine hakuwa yeye mwenye mamlaka juu ya ardhi hiyo. Wanawake, ambao ndio waliolima, hawaonekani sana miongoni mwa mashahidi. Alama ya kidole chini ya karatasi huonyesha kwamba mtu alikuwapo. Haionyeshi kwamba alielewa alichokitia alama.

Kwa sababu hizo mfuko wa uchunguzi haupaswi kusomwa peke yake. Kuna angalau karatasi za aina tatu za kuulinganisha nazo. Ya kwanza ni daftari za siasa na taarifa za mwaka za teritwari, ambamo magomvi ya mipaka kati ya masultani yameelezwa. Ya pili ni hati za kutambuliwa kwa masultani, zilizoandikwa tangu amri ya 1910 juu ya usultani, zenye orodha za nasaba na mipaka. Ya tatu ni daftari za mahakama za wenyeji zilizopangwa na amri ya tarehe 15 Aprili 1926. Katika mahakama hizo watu walishtakiana wao kwa wao juu ya mashamba, mabwawa ya samaki na urithi, bila mlowezi kuwamo. Shauri kati ya jamaa wawili juu ya shamba, lililoamuliwa mwaka mmoja kabla shamba hilohilo halijaandikwa kuwa tupu, ni ushahidi mkubwa kuliko hotuba yoyote. Baadhi ya hukumu hizo zilichapishwa katika jarida la mahakama za wenyeji na sheria za mila lililoanzishwa Elisabethville mwaka 1933 na mwanasheria Antoine Sohier. Msomaji wa Lubumbashi hahitaji kuvuka bahari ili aanze kazi.

4. Lugha ya mashahidi na lugha ya hati

Hapa ndipo masomo ya Kiswahili yanapogusana moja kwa moja na historia ya sheria. Taarifa za uchunguzi ziliandikwa kwa Kifaransa. Lakini katika Katanga, Kivu, Maniema na sehemu kubwa ya mashariki, maneno hayo hayakusemwa kwa Kifaransa. Mzee alisema kwa Kisanga, Kihemba, Kilega au Mashi, mkalimani akayapeleka katika Kiswahili, na ofisa au karani akayaweka katika Kifaransa cha ofisi. Kila daraja kati ya hayo lilikuwa na ushuru wake.

Tuchukue neno "pori". Katika Kiswahili cha Kongo mtu anaposema "pori letu" hakuna kinzani yoyote: pori ni mahali pasipo nyumba, nalo lina wenyewe wanaowinda humo na kumzuia mgeni asiyeomba ruhusa. Likigeuzwa kuwa neno la Kifaransa la mahali penye vichaka visivyolimwa, kisha likapita katika sheria ya 1885, pori hupoteza wenyewe njiani. Neno "matongo" lina hatari hiyohiyo. Kwa msemaji, tongo ni mahali jamaa zake walipokaa na wanapoweza kurudi. Kwa karani, ni mahali palipoachwa. Na kitenzi "kuachia", ambacho chaweza kuwa na maana ya kumruhusu mtu atumie kwa muda, katika hati ya mwisho huweza kusomwa kama kutoa moja kwa moja.

Yako maneno mengine ambayo hayakuweza kupata nafasi kabisa katika daftari la ardhi. Huko Bushi, kalinzi ilikuwa ng'ombe anayetolewa kwa mwami au kwa mkuu wa mahali ili mtu apate ardhi ya kukaa na kurithisha. Tofauti na kalinzi ilikuwa bwasa, ruhusa ya kulima kwa muda mfupi, ambayo haikumpa mtu haki ya kupanda migomba. Ukoo, sherehe na mashahidi ndio waliokuwa daftari. Katika Katanga, mulambo, yaani sehemu ya mawindo au ya mavuno iliyopelekwa kwa mkuu wa ardhi, ulionyesha kila mwaka ni nani aliyetambuliwa kuwa mwenye udongo. Watawala waliiona desturi hiyo, wakaiandika katika taarifa zao chini ya kichwa cha ushuru wa masultani. Haikuandikwa chini ya kichwa cha ardhi. Anayetafuta ushahidi wa haki ya ardhi anapaswa, kwa hiyo, kutafuta chini ya neno la ushuru.

Nasaba nayo inadai uangalifu. Kwa Walamba na Wabemba wa Katanga ya kusini, ukoo hufuata upande wa mama. Orodha inayomtaja baba pekee huwafanya ndugu wa ukoo mmoja waonekane kama wageni, na mwenye haki ya kurithi kutoka kwa mjomba wake aonekane kama mvamizi. Kosa halimo katika majina. Limo katika swali lililoulizwa.

Mwisho, kuna maandishi ambayo wenyeji waliyaandika wenyewe. Linalojulikana zaidi ni "Vocabulaire de ville de Elisabethville", historia ya mji iliyoandikwa kwa Kiswahili mwaka 1965 na André Yav kwa niaba ya chama cha watumishi wa nyumbani, na kuchapishwa pamoja na tafsiri na Johannes Fabian mwaka 1990. Si hati ya ardhi. Lakini inamkumbusha mtafiti kwamba mji uliopimwa na kuandikwa na CSK ulikuwa pia ukikumbukwa na watu waliofagia nyumba zake, na kwamba walikuwa na lugha ya kuusimulia.

5. Sheria mpya, karatasi za zamani

Baada ya uhuru, dola jipya lilitaka kuikata minyororo ya kampuni za kikoloni. Sheria iitwayo ya Bakajika, ya tarehe 7 Juni 1966, ilirudisha mikononi mwa serikali haki zote za ardhi, misitu na madini zilizokuwa zimetolewa kabla ya tarehe 30 Juni 1960. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilitangaza kwamba udongo wote ni mali ya Dola peke yake. Raia hupata haki ya kuutumia tu. Tarehe 30 Novemba mwaka huohuo mashamba na maduka ya wageni yalitwaliwa na kupewa wananchi, kisha mengi yakarudishwa kwa wenyewe wa zamani baada ya miaka michache. Katika muda huo mfupi shamba moja liliweza kupita mikononi mwa watu watatu, na daftari halikuwafuata wote.

Hata hivyo, mambo mawili ya zamani yalidumu. La kwanza ni nguvu ya cheti. Sheria ya 1973 iliendelea kusema kwamba haki ya kutumia ardhi huthibitishwa kwa cheti cha usajili tu, na kwamba miaka 2 ikipita tangu kitolewe, cheti hakiwezi kupingwa. Aliyedhulumiwa hubaki na madai ya fidia peke yake. La pili ni ukimya juu ya ardhi za mila. Sheria hiyo ilizifanya ardhi za jamii za vijijini kuwa ardhi za Dola, ikaahidi kwamba haki za wakaaji zingepangwa kwa agizo la Rais. Miongo ikapita bila agizo hilo kutoka. Vijiji vikabaki vimekalia ardhi ambayo sheria imeikiri bila kusema ni ya nani kwa namna gani.

Ukiweka mambo hayo mawili pamoja, unaona kwa nini utafutaji wa nyaraka si kazi ya wastaafu. Mtu mwenye fedha anaweza kuomba cheti juu ya pori la kijiji. Sheria inadai uchunguzi ufanywe kwanza vijijini, kama ule wa 1934. Lakini ukifanywa kwa siri au mezani, kijiji hupata habari siku matrekta yanapofika. Kama ni mwaka wa tatu, mlango wa kukipinga cheti umekwisha kufungwa. Wakati huo mfuko wa zamani unaoonyesha kwamba wazee walihojiwa mahali hapohapo, na majina yao yakaandikwa, ungekuwa na kazi kubwa kama ungalipatikana mapema.

Tangu mwaka 2014 kuna sababu nyingine ya kutafuta. Kwa kufuata Kanuni ya Misitu ya 2002, amri ya tarehe 2 Agosti 2014 imeziruhusu jamii za mahali kuomba msitu wanaoumiliki kwa mila, hadi hekta 50,000. Ombi hudai ramani na maelezo ya jamii inayoomba. Kwa mara ya kwanza, kijiji ndicho kinachokwenda ofisini kuandikisha, na jirani zake ndio wanaoulizwa. Karatasi ambazo zamani zilitumiwa kumwondoa mtu zinaweza sasa kumsaidia kubaki, ikiwa zitasomwa pamoja na wazee walio hai.

6. Hitimisho

Imeonekana kwamba hati za ardhi nchini Kongo ziliandikwa na upande mmoja, zikatawanywa, na nyingine zikachomwa. Imeonekana pia kwamba upande huo haukuweza kuandika bila kuacha alama za upande wa pili: jina katika orodha ya mashahidi, kijiji cha zamani kwenye mchoro, fidia ndogo iliyolipwa, shauri katika mahakama ya sultani.

Vyuo vikuu vya Kongo vina nafasi ya pekee katika kazi hii. Mwanafunzi anayekijua Kiswahili na lugha ya nyumbani kwao anaweza kurudi nyuma kutoka Kifaransa cha karani hadi neno ambalo pengine mzee alilitamka, jambo ambalo msomaji wa Bruxelles hawezi. Inafaa basi mafaili yaliyobaki katika teritwari yaorodheshwe na kunakiliwa kabla mvua na mchwa hawajayamaliza. Inafaa orodha za nyaraka zilizoko Ubelgiji zitafutwe kwa majina ya zamani na ya sasa. Na inafaa nakala ya kila mfuko unaogusa kijiji ifike katika kijiji hicho, isomwe kwa sauti mbele ya wazee, na masahihisho yao yaandikwe pembeni. Mzee atakayesikia jina la babu yake likisomwa kutoka katika karatasi ya 1936 ndiye atakayesema kama palipochorwa kijito palikuwa kijito kweli, na nani aliyezikwa ng'ambo yake.